Samaki wanakufa kwenye tangi kabla hatujafika soko la samaki la Deep Sea: maswali yenu ya msimu wa kaskazi

Kaskazi imeshika, jua la Tanga mnalijua wenyewe, na maswali ya wiki hii karibu yote ni ya tangi la botini, yani samaki anavuliwa mzima halafu anafia mikononi mwa mvuvi. Tuanze.

*Kaka, nina boti ya faiba, tangi lita 100, pampu inazungusha maji muda wote. Asubuhi samaki wazima kabisa ila ikifika saa saba mchana wanalala ubavu. Pampu mbovu? (Sahare)*

Pampu nzima, ila inazungusha maji yaleyale, inachukua ya moto inarudisha ya moto, na uchafu wa samaki (ile amonia) unazidi kujaa humohumo. Maji ya bahari yakiwa nyuzi 20 yanabeba oksijeni miligramu 7 na kitu kwa lita, yakifika 30 zinabaki kama 6. Utasema mbona tofauti ndogo, sasa jumlisha na hili, samaki joto la mwili wake linafuata maji, yakipanda na yeye anapumua kwa kasi, kwa hiyo matumizi yanaongezeka wakati stoo inapungua. Ndo maana unawaona wamekuja juu wanapigapiga midomo.

Vuta maji mapya kutoka nje muda wote, ya zamani yatokee tundu la juu, na yanayoingia yamwagike kwa kunyunyiza ili yachanganyike na hewa. Funika tangi kwa kitu cheupe, lile turubai jeusi ni jiko. Na punguza samaki bana! Lita 100 mtu anashindilia changu kilo thelathini afu analaumu pampu, mimi kipindi hiki nisingepita kilo saba nane.

Ila wakati wa kurudi kuna mtego. Maji ya ndani ya ghuba, hasa yakiwa yamekupwa, ni ya moto na yana tope, sasa ukiendelea kuvuta ya nje unawamalizia. Badilisha maji ya tangi kabla hujakifikia kisiwa cha Toten, kisha funga ya nje, zungusha uliyonayo mpaka utie nanga.

*Nikitupa barafu humo si inasaidia? (Kigombe)*

Barafu ya kutupa hapana. Imetengenezwa kwa maji ya bomba, ikiyeyuka inapunguza chumvi, na kama maji yana klorini ndo unawaunguza matamvua kabisa. Gandisha maji kwenye chupa za plastiki, zamisha mojamoja zikiwa na vifuniko, ikiyeyuka weka nyingine. Lengo ni kushusha nyuzi tatu nne tu, taratibu, maana samaki aliyetoka maji ya 29 ukimtia ghafla kwenye 20 anapata mshtuko. Na baridi haileti hewa, chupa na pampu viende pamoja.

*Chewa wa maji marefu anapanda tumbo limevimba, anaelea kichwachini, mdomoni kimetoka kitu kama puto. Nikitoboe? (Mwambani)*

Usikitoboe, hilo ni tumbo la chakula limesukumwa nje. Kilichovimba ni kifuko cha hewa ndani. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na wa hewa nzima ya huku juu, kwa hiyo samaki aliyetoka mita 30 hewa yake inataka kutanuka mara nne akifika juu. Tangi halimsaidii huyo. Mpige kichwani palepale, mtoe damu, mzike kwenye barafu, utauza nyama nzuri kuliko ya samaki aliyehangaika masaa manne kwenye maji ya moto, na wapishi wa mahoteli wanaijua hiyo tofauti kwa kubonyeza tu. Samaki wa kuweka hai ni wa maji mafupi, tasi, changu wa kwenye miamba na wenzao.

Hata silikanti (wale samaki wa kale) waliponaswa na majarife hapa Tanga miaka ya 2004 na 2005, wale wa maji marefu ya baridi, huku juu hawakuweza kuishi. Siku hizi analindwa na hifadhi yake ipo tangu 2009, kwa hiyo yeye usimuwazie tangi.

*Vibua vya chambo hai vinakufa vyote kabla sijafika kwenye nguru. (Tongoni)*

Tangi lako lina kona. Kibua haachi kuogelea, akifika kwenye kona anajigonga na kujibana na wenzake. Kata pipa la bluu la duara, maji yaingie kwa pembeni ili yazunguke. Usimshike kwa mkono mkavu, ute ukitoka na magamba yakitoka huyo hafiki mbali.

*Na kaa? (Moa)*

Kaa wa mikoko hahitaji tangi. Mfunge magando, gunia liloweshwe maji ya chumvi, kivulini. Basi.

*Pampu inamaliza betri, juzi mashine ilikataa kuwaka tuko nje. (Sahare tena)*

Weka betri mbili, ya mashine isiguswe. Pampu inayokula ampea 3 kwa masaa 8 imekula ampea-saa 24, na betri ya kawaida ya ampea-saa 70 sio vizuri kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo siku moja inatosha ila ya pili lazima uchaji. Kama pesa ya betri ya pili bado, zima pampu nusu saa nusu saa asubuhi kukiwa na ubaridi, mchana iache iende.