Swali la lugha: Anadunda au anadundisha?

SWALI: Nafunza vijana mpira wa kikapu hapa Kisauni. Wengine husema mchezaji "anadunda mpira", wengine "anadundisha". Lipi sahihi? Na lile kosa la "dabo" nilieleze vipi? Nikisema "kudundisha mara mbili", watoto huuliza mbona kila mtu anadundisha mara kumi na refa hapulizi filimbi.

JIBU: Watoto wana haki, kocha. Tuanze na kitenzi. Kinachodunda ni mpira, kama moyo unavyodunda; mchezaji anaudundisha. "Kudunda mpira" utaisikia sana Mombasa na watu wataelewana, lakini kumdunda mtu ni kumpiga, kwa hivyo unapofunza kanuni shika dundisha.

Kwenye dabo, kinachopotosha ni "mara mbili". Kanuni haihesabu midundo. Kudundisha huanza pale mchezaji mwenye mpira anapoutupa, kuupiga au kuubingirisha sakafuni, na hukwisha anapougusa kwa mikono miwili kwa pamoja, au unapotulia mkononi, hata mmoja. Baada ya hapo apasi au atupe kikapuni. Akianza tena, ndiyo dabo. Basi iite "kudundisha upya", kwa sababu hakianzwi upya ila kilichokwisha.

Kubeba mpira nako ni mumo humo. Refa hapimi mpira umepanda kiasi gani, anatazama kiganja. Mkono ukiingia chini ya mpira, mpira ukatulia kiganjani kisha ukarudishwa sakafuni, kudundisha kwa kwanza kulishakwisha pale ulipotulia.

Panapowababaisha wengi, hata marefa chipukizi, ni mpira unapoteleza. Hapa Kiswahili kinatusaidia: mchezaji ameponyokwa na mpira, hakuudundisha. Chukua mfano. Amemaliza kudundisha, ameudaka kwa mikono miwili, ukamteleza, ukagonga sakafu, akauwahi mwenyewe. Hana kosa, kuuokota anaruhusiwa. Ila akiudundisha sasa, ni dabo, isipokuwa kama ulipomponyoka uligusana na mchezaji mwingine. Vilevile yuko huru kuanza upya ikiwa alikuwa ametupa kikapuni, au mpinzani aliupangusa ukamtoka mikononi.

La mwisho ni dogo ila lina uzito: dabo usiiite faulo. Huo ni ukiukaji. Wapinzani hupewa mpira waurushe kutoka nje ya mstari, karibu na pale ulipotokea, na mchezaji haandikiwi kitu. Faulo huandikwa kwa jina lake, na kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, faulo ya 5 humtoa mchezoni. Mtoto aliyeambiwa ana faulo 3, kumbe 2 kati yake ni dabo, ataogopa kukaba bure.