Komprime ya parasetamoli haivunjiki majini? Usiongeze amido ya mchele

Ndugu wa Bukavu, unasema komprime (kidonge) yako ya parasetamoli ya miligramu 500 inamaliza dakika 22 majini bila kuvunjika, na ulipopandisha amido ya mchele iliyobadilishwa (wanga uliotiwa kemikali ili uvunje komprime majini) kutoka asilimia 4 hadi 8 hali ikawa mbaya zaidi. Irudishe kwenye 4 leo leo. Kwa farmakopea ya Ulaya (kitabu cha viwango vya dawa), komprime isiyopakwa kitu juu iwe imekwisha ndani ya dakika 15, maji yakiwa digrii 37.

Kwanza chukua komprime moja iliyokaa majini dakika kumi, uikate kwa wembe. Ukikuta nje ute unaoteleza kama bamia na katikati unga mweupe, mkavu, jibu unalo: amido yako imetiwa kaboksimetili (kemikali ya kuipa kiu ya maji) tu, minyororo yake haikufungwa. Kaboksimetili ndiyo inayoifanya inywe maji baridi. Kufunga minyororo yake kwa sodiamu trimetafosfati au fosforasi oksikloridi ndiko kunakoizuia isiyeyuke. Iliyofungwa inavimba, inasukuma, komprime inapasuka. Isiyofungwa inakuwa gundi na kuziba vitundu vyote, maji yanaishia mlangoni. Kwa hiyo kila ukiongeza, unaongeza gundi.

Hata muuzaji akiapa, pima. Tia gramu 1 ya amido hiyo kwenye silinda ya mililita 100, jaza maji, tikisa, acha hadi kesho. Iliyofungwa inatua chini imevimba, na mstari kati yake na maji unauona kwa macho. Nyingine inayageuza maji yote kuwa ya mnato, mstari hakuna. Mfuko wa namna hiyo rudisha, hautengenezeki.

Ikifaulu, tazama unaiweka lini. Kwa komprime 1000: parasetamoli gramu 500, uji wa amido ya kawaida (gramu 20 kwa maji gramu 180), amido iliyobadilishwa gramu 22, stearati ya magnezi (kilainishi cha mashine isinate) gramu 2.7. Zile 22 zigawe: nusu pamoja na dawa kabla ya kulowesha, nusu baada ya kukausha na kuchekecha. Ukizitia zote mwanzoni, zinavimba na kukauka hata kabla ya siku ya kazi, nguvu inapungua. Uji nao usiumwage wote kwa mkupuo. Simama pale unga unaposhikamana kiganjani na kuvunjika kwa kidole.

Stearati ingia nayo mwisho, dakika 3. Inatokana na mafuta: ukizungusha dakika 15, kila punje inavaa koti lisilopitisha maji, na utailaumu amido bure.

Punje za amido ya mchele ni ndogo mno, mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 2 hadi 8 hivi, wakati za viazi ulaya zinafika 100. Ndiyo sababu unga wake unang'ang'ania kuta za faneli ya mashine na uzito unayumba. Kwa komprime ya ukubwa huu unaruhusiwa kupishana asilimia 5 tu, basi pima 20 kila mara, moja moja. Tena msimu huu wa mvua mfuko ulioachwa wazi unakunywa unyevu hadi ufanye mabonge: plastiki mbili, funga kwa kamba, chekecha upya kabla ya kutumia.

Na ile vitamini C uliyosema inafuata, usiitie amido hii, haipatani nayo. Tumia ya mahindi ya kawaida, iliyokaushwa vizuri.