Vyombo vya garaji ya nyumbani Goma: anza na kinachoshika gari

Mdogo wangu, umeuliza ununue vyombo gani kwanza, kwa kuwa umepata RAV4 ya zamani iliyotoka Japani, una nafasi kwenye parseli yenu pale Ndosho, na umechoka kupanga foleni garajini kwa vidanje (kubadilisha oili) na kazi nyingine ndogo. Wengi wamekujibu uende madukani Birere ukachukue lile boksi la vipande mia na zaidi, mambo yaishe. Mimi naona tofauti. Pesa ya kwanza iende kwenye kinachoshika gari likiwa juu. Ya pili iende kwenye kinachopima. Kle, yaani spana, zije baada ya hapo, na zisiwe nyingi.

Nianze na kushika gari, maana hapo mji wetu una hatari zake. Kila parseli ya Goma ina mawe ya volkano, kwa hiyo mtu anainua gari kwa kriki (jeki), anasukuma jiwe chini ya chasi, anaingia. Usifanye hivyo hata kwa dakika moja. Jiwe hilo limejaa matundu ya hewa kutokea siku lilipopoa. Ukilitazama ni gumu, lakini uzito ukikaa kwenye ncha moja linameguka ghafla, bila kukupa onyo. Tofali la saruji ni hivyo hivyo. Kriki ya mafuta nayo ni ya kuinulia tu, haikutengenezwa ishike gari wakati mtu yuko chini: mpira mmoja wa ndani ukichoka, mafuta yanarudi na gari linashuka.

Nunua chandeli mbili za chuma, vile vishikizo vya gari vyenye miguu na meno ya kupandisha. Jozi ya tani 3 inatosha kabisa kwa RAV4. Zikague kabla ya kulipa: angalia ulehemu wa miguu, pandisha jino, ligonge uone kama linashika sawasawa. Na kwa kuwa ardhi yetu ni changarawe, chini ya kila chandeli weka kipande cha ubao mnene wa mkaratusi. Mimi vyangu nilivipata kwa watengenezaji wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo; wana mabaki mazuri ya mbao ngumu na hawauzi ghali. Magurudumu yanayobaki chini yazuie pande zote mbili kwa kabari. Gari likishakaa, lisukume kwa nguvu kwa mkono kabla hujaingia. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya chasi. Chandeli ikishindwa, gari litaangukia tairi.

Kuna aliyekushauri uchimbe fosi, yaani shimo la kuingia chini ya gari, uwe unafanya kazi umesimama. Kwenye mji mwingine ningekubaliana naye. Hapa, kwanza utapasua lava mpaka uchoke. Pili, na hili ndilo zito, kuna mazuku. Gesi ya kaboni dioksidi inapanda kutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inalala mabondeni na mashimoni. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Lac Vert na Bulengo, imeua watu na mifugo, na huwezi kuiona wala kuisikia kwa pua. Mvuke wa petroli nao unashuka chini vivyo hivyo. Mimi Goma sichimbi shimo la garaji, na ndiyo sababu nasisitiza chandeli hivi.

Sasa kupima. Kle dinamometriki, inayopima nguvu ya kukaza, ni chombo ambacho mafundi wengi wa mtaani hawana, na mimi siwezi kufanya kazi bila hicho. Njugu (nati) za magurudumu za RAV4 au Corolla zinatakiwa zikazwe kwa Nm 103 (Nm, nyutoni-mita, ndicho kipimo cha nguvu hiyo). Tazama kinachofanyika kwenye vibanda vya tairi: kijana anaweka bomba refu kwenye kle, anapanda juu yake, anaruka. Matokeo yake stadi, yaani buloni (bolti) za gurudumu, zinavutika, diski za freni zinapinda, na siku umepata pancha usiku njiani Sake huwezi kufungua. Wengine wanalegeza, na mtikisiko wa mawe unamalizia kazi. Kaza kwanza kwa mkono gurudumu likiwa hewani, shusha gari, kisha kaza kwa mtindo wa msalaba mpaka kle ilie, ndiyo ishara imefika namba uliyoiweka. Ukishatembea kilomita kama 100, pima tena. Buloni ya kumwagia oili ni karibu Nm 37 tu, wala haihitaji mwili wako wote. Nyuzi za katera, sinia la oili chini ya injini, zikiharibika, pyesi (kipuri) hiyo utaitafuta sana. Kle hii usiitumie kufungulia kitu, na ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa ili springi yake isichoke.

Multimeta (kipimo cha umeme), hata ile ya bei ndogo, itakuokolea pesa haraka kuliko chombo kingine chochote. Nimeona watu wengi hapa wakinunua betri mpya kila gari linapokataa kuwaka. Pima. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa na limepumzika, inaonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Washa injini: sasa iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, altaneta (mashine ya kuchaji betri) haichaji, na betri mpya haitakusaidia. Halafu kuna kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka. Weka waya mmoja wa multimeta kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, mwambie mtu apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa masi, unaounga hasi ya betri na injini, umeoza au umelegea. Safisha kwa brashi ya chuma, kaza, jaribu tena.

Kuhusu mashine ya kusomea kompyuta ya gari: vile vidude vidogo vya ELM327 vinavyoungana na simu ni vizuri, lakini Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani, za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, haziongei navyo. Kwa hizo, chombo changu ni kipande cha waya. Chini ya dashibodi kuna soketi yenye matundu 16. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13, kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa kwa mwendo sawa bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara tano, hiyo ni kodi (namba ya kosa) 25: mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Hesabu matundu kwa utulivu, tena kwa tochi, maana tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja na huko waya usifike.

Kle zenyewe: Toyota yako itakudai 8, 10, 12, 14, 17, 19, na 21 ya magurudumu. Ya 13 utaitumia mara chache mno. Nunua hizo tu, lakini ziwe za chuma kizuri, na soketi ziwe za pembe sita. Za pembe kumi na mbili zinashika buloni kwenye ncha tu, na buloni yenye kutu inageuka duara. Ya 10 nunua zaidi ya moja. Ongeza mkono mrefu wa kufungulia, na mafuta ya kupenya kutu. Mafuta yapulizie jioni, ufungue asubuhi. Subira hiyo inafanya kazi kuliko bomba. Turnevisi (bisibisi) za msalaba za kawaida zinateleza kwenye skrubu za Japani, kwa mfano zile za kifuniko cha tanki dogo la mafuta ya freni la magari ya zamani. Tafuta turnevisi za JIS, yaani za kipimo cha Kijapani. Kama huzipati Birere, hata ile iliyokuja na zana za pikipiki ya Kijapani inafaa.

Barabara zetu ndizo zitakazokuamulia mengine. Njia za ndani bado ni lava tupu, nyingine imemwagika tangu Januari 2002, kwa hiyo kinachokufa mara kwa mara kwenye gari ni rotili (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu), biyeti za stabilaiza (vyuma vifupi vya kuungia stabilaiza), bushi na amotisa (shokabsoba). Mtaimbo mfupi ni daktari wa hapo: gari likiwa juu ya chandeli, uingize chini ya tairi, inua taratibu, huku mwenzako akiangalia rotili. Ikicheza juu na chini, ibadilishe kabla haijachomoka, maana ikichomoka gurudumu linalala upande na usukani hausikii tena. Biyeti zina njugu, mara nyingi ya 17, na katikati ya nyuzi kuna tundu la kle ya aleni (ya pembe sita, ya kuingiza ndani) ya kuzuia isizunguke. Usiposhika hilo, utazungusha njugu mpaka giza liingie. Kutoa rotili, nunua kivutio chake, yaani chombo cha kuichomoa. Kuipiga nyundo kwenye nyuzi kunaiharibu hata kama ilikuwa nzima.

Vumbi la lava ni mchanga mkali, linakula chuma. Filta ya hewa ipulize kutoka ndani kwenda nje kwa pampu ndogo ya volti 12, hiyo hiyo unayojazia tairi. Ukihamia Land Cruiser siku moja, pampu ya grisi itaingia kwenye orodha ya lazima, kwa ajili ya misalaba ya shafti. Kwa RAV4 yako iache. Taa ya kichwani ni lazima, kwa sababu kuraa (umeme) ikikatika wewe una oili mikononi na filta haijarudi. Na simu yako: piga picha kila kitu kabla hujakifungua.

Kazi moja usiifanye nyumbani kwa sasa: kutoa springi kwenye amotisa ya mbele. Zile skrubu ndefu za kubania springi zinazouzwa sokoni nyingi ni dhaifu, na springi iliyobanwa ikiruka inavunja taya. Toa mguzo wote (amotisa pamoja na springi yake) mwenyewe, ni buloni mbili za chini na njugu tatu za juu, upeleke kwa fundi mwenye mashine ya kubania iliyofungwa ukutani au mezani, kisha urudi uufunge mwenyewe kwa kle dinamometriki.