Farasi wa miaka 16 mwenye kano iliyowahi kuumia: usitoe arubuni kabla hujamwona alfajiri

Ndugu, acha. Usipeleke hiyo arubuni Jumamosi.

Nimesoma ulichoandika. Farasi ana miaka 16, aliwahi kukimbia mashindano pale Ngong Road, Nairobi, akaumia kano (ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa) ya mguu wa mbele wa kushoto, "akapona kabisa", mwenyewe anahama nchi ndiyo maana anamwachia kwa bei ya chini, na wewe unamtaka kwa kazi ya kupandisha watoto wikendi. Umeuliza kama bei ni ya haki, umeuliza chakula chake kwa mwezi, umeuliza chanjo, umeuliza kama umri huo ni mkubwa mno. Kuhusu mguu umeandika sentensi moja tu: "muuzaji ana barua ya daktari". Sentensi hiyo ndiyo iliyonitoa usingizini.

Mimi nilinunua farasi wa namna hiyo hiyo, kwa kazi hiyo hiyo. Mguu wa mbele, kano, mwenyewe anahama, na barua ya daktari nilipewa mkononi. Nikapangiwa kufika saa tisa alasiri. Kufika, namkuta ameshatolewa bandani, amepigwa brashi anang'aa, amefungwa kwenye nguzo ananisubiri. Pale mkanda wa tandiko unapopita tumboni manyoya yalikuwa mabichi. Nikauliza mbona ana maji. Dalali akajibu wamemwosha kwa heshima yangu, mgeni haletewi farasi mchafu. Nikaridhika na jibu hilo!

Saisi, yaani mtunza farasi wa pale, alikuja kunieleza ukweli baadaye sana, alipokwisha kuacha kazi kwa mtu yule. Farasi alikuwa amezungushwa tangu saa nne ili mguu upate joto na kuchechemea kusionekane; yale maji yalikuwa jasho. Na tangu juzi yake alikuwa anachanganyiwa unga mweupe kwenye pumba na molasi. Unga wenyewe ni fenilibutazoni, dawa ya maumivu ya farasi ya siku zote, kila zizi inapatikana. Sina ugomvi na dawa hiyo, farasi mzee mwenye viungo vinavyouma huweza kuishi vizuri kwa sababu yake akipewa na daktari. Ugomvi wangu ni kuitumia kufunika mguu siku mnunuzi anapokuja. Ikitolewa siku kadhaa mfululizo, nguvu yake haiishi siku hiyo hiyo dozi inapokoma. Kwa hiyo unampeleka nyumbani farasi anayetembea sawasawa, unamwonyesha mkeo, unapiga picha, na ndani yake maumivu yamelala tu.

Siku za mwanzo alikuwa mzuri kweli. Mpole, anajua kazi, mtoto akilia juu yake anasimama mwenyewe. Halafu nikaanza kuona kichwa. Akitembea kwenye saruji kilikuwa kinapanda kidogo kila mguu wa kushoto unapogusa chini. Nikampigia dalali. Akasema ni ugeni wa mahali, farasi akihama huwa hivyo, mpe wiki. Nikampa wiki. Nikampigia tena, akasema ni viatu, abadilishiwe. Nikabadilisha viatu. Dalali wa farasi ukimuuliza mguu anakuonyesha mkia! Siku ya kununua, nilipoinama kushika kano, aliniambia nimwangalie macho yanavyong'aa. Sikuwa nanunua taa, bwana, nilikuwa nanunua miguu minne.

Jumapili moja akajikwaa akiwa na mtoto mgongoni. Nilikuwa pembeni, nikamdaka yule mtoto kabla hajafika chini. Mama yake alikuwa anarekodi kwa simu. Sitaki kueleza zaidi hapo. Ninachotaka ukielewe ni kwamba mguu ule ukiwa chini ya mtoto wa watu, hesabu yake haiko kwenye shilingi tena.

Daktari niliyemwita mwenyewe safari hiyo alikuja na mashine ya ultrasaundi. Akanionyesha kwenye skrini: katikati ya kano kuna doa jeusi, nyuzi zimekatika upya. Kando yake makovu. Nimesema makovu, kwa wingi. Farasi yule hakuwa ameumia mara moja, aliumia, akarudishwa kazini, akaumia tena, na kila aliyempokea alisimuliwa jeraha la mwisho tu. Mguu wa kulia nao ulishaanza kuvimba kwa kubeba uzito wa mwenzake. Farasi hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Kwa mnyama wa kilo 450 hiyo ni kama kilo 270 kwenye miguu miwili, na ule mmoja ukikataa, unajua nani anabaki na mzigo.

Halafu ile barua. Hapa naomba usome polepole, maana na wewe unayo. Barua yangu haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya daktari wa kweli, na kila neno lake lilikuwa sahihi. Ilisema kano imeziba na farasi anaweza kuachiwa malishoni. Malishoni! Aliyeiandika aliulizwa kama farasi atoke kwenye banda dogo la mapumziko aende kutembea kwenye majani. Hakuulizwa kama anaweza kubeba watu kutwa nzima kwenye ardhi ngumu. Dalali akanisomea kwa sauti, akafika kwenye "imeziba", akakunja karatasi. Na palikuwa na mtu wa pili pale, aliyeletwa na muuzaji akitambulishwa kuwa daktari, akamkunja farasi mguu, akamwacha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimlipa nauli mimi! Hadi leo sijui kama alikuwa na usajili wa bodi ya madaktari wa mifugo, kwa sababu sikumwomba namba. Wewe omba. Daktari wa mifugo Kenya husajiliwa, na mwenye usajili hakasiriki kuulizwa.

Mnaojiandaa kuniuliza kwa nini sikuja na daktari wangu tangu mwanzo: niliambiwa kuna mnunuzi mwingine anakuja jioni. Ndiyo. Kila farasi mwenye mguu mbovu huwa na mnunuzi mwingine anayekuja jioni.

Baada ya hapo ni gharama juu ya gharama. Kano ya farasi ikikatika nyuzi haiponi kwa mwezi au miwili, unahesabu miezi 9 hadi 12, mara nyingine zaidi, na kwa muda mrefu hana ruhusa ya kukimbia wala kurukaruka. Anatembezwa kwa mkono, dakika chache, zinaongezwa taratibu. Muda wote huo anakula. Farasi wa kilo 450 anataka kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu kila siku, awe anafanya kazi au amesimama. Kiangazi kikaja, marobota yakapanda bei. Desemba ikaja, msimu ambao ndio ulikuwa umebeba hesabu yangu yote, watoto wako likizo, simu zinaita, na farasi wangu amefungwa bandeji. Niliuza tandiko. Nikauza na pikipiki. Farasi bado ninaye, yuko malishoni kama ile barua ilivyosema. Watu wamekuja kutaka kumnunua, na akishapumzika vya kutosha anaonekana mzima kabisa. Simuuzi, kwa sababu najua atakapofika, na najua atasimuliwaje.

Sasa elewa kwa nini "amepona" si jibu kwa kano. Ngozi ikipona imepona. Mfupa mara nyingi huunga vizuri. Kano huziba kwa kovu, na nyuzi za kovu hazinyooki na kurudi kama zile za asili. Ni kama kamba iliyokatika ukaiunga kwa fundo: inashika, lakini ikivutwa kwa nguvu itaachia pale pale au pembeni ya fundo. Ndiyo maana farasi aliyewahi kuumia kano ana uwezekano mkubwa wa kuumia tena, na farasi wa mashindano ndio hasa wanaoumia hapo, maana wanaanza kukimbia wakiwa na miaka miwili. Akistaafu mbio akiwa bado kijana, anakwenda kwenye polo au shule ya kupanda, kisha kwa mtu binafsi, kisha kwa mwingine. Akifikisha miaka 16 ameshapita mikono mingi, na historia yake imebaki kila mahali kipande kidogo kidogo. Anayekuuzia huenda kweli hajui. Mguu unajua.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na siibadilishi kwa farasi wa mfalme: mguu baridi, daktari wako.

Mguu baridi maana yake ufike alfajiri, kabla hajatolewa bandani, akiwa amelala pale usiku kucha bila kufanyishwa kazi jana yake. Ufike wewe kwanza, saisi afungue mlango ukiwa umesimama hapo. Hatua zile za kwanza za kutoka ndizo unazozinunua. Pitisha kiganja kwenye kano za miguu yote miwili ya mbele, kutoka chini ya goti hadi juu ya kifundo, ulinganishe joto na unene. Kano nzima ni nyembamba, imenyooka, vidole vinapita bila kukwama. Ukikuta imejaa mahali, imetoka kama upinde, hapo ndipo. Kisha atembezwe na kukimbizwa polepole kwenye ardhi ngumu, barabara au saruji, kamba ikiwa imelegea. Wakimpeleka kwenye majani, kataa. Wakishika kamba fupi karibu na kidevu, kataa pia, wanakizuia kichwa kisipande. Kichwa hupanda mguu mbovu unapogusa ardhi, hushuka kwenye mzima. Apigishwe duara kulia na kushoto. Daktari akunje kila mguu kama dakika moja, amwachie akimbie papo hapo, wewe angalia hatua za mwanzo. Halafu apandwe, apumzishwe, apoe, akaguliwe tena. Uingereza ukaguzi kamili wa farasi wa kuuzwa una hatua tano, na mojawapo ni hiyo hiyo ya kumpumzisha na kumwangalia upya. Kule pia huchukua damu wakati wa ukaguzi ikahifadhiwa miezi kadhaa, ili mguu ukibadilika ghafla baada ya kununua ipimwe kama alikuwa na dawa ya maumivu. Na wewe mwombe daktari atoe damu. Usimpigie simu muuzaji kumwuliza kama anaruhusu, mwambie mkiwa pale, umtazame usoni.

Daktari wako maana yake unayemlipa wewe, uliyemtafuta wewe, asiyemhudumia muuzaji. Na umwambie kazi kwa maneno: watoto, uzito gani, saa ngapi kwa siku, ardhi ya namna gani. Usimwulize "ni mzima?" Mwulize "kwa kazi hii, na mguu huu, mwaka mmoja?" Kwa kano iliyowahi kuumia ultrasaundi si anasa, na ipigwe miguu yote miwili. Ukiona gharama yake ni kubwa, piga hesabu ya nyasi za mwaka mzima ukimlisha farasi asiyefanya kazi.

Kuna aliyekujibu hapo juu kwamba farasi mzee ni mpole kwa hiyo nunua tu. Upole ni kweli, na miaka 16 kwa farasi aliyetunzwa si mwisho, wapo wanaofanya kazi nyepesi hadi wanavuka 20. Umri haujawahi kunitisha. Kovu la waya kwenye ngozi halinitishi. Vinundu vigumu vya mfupa pembeni ya mguu chini ya goti, vilivyopoa visivyouma, mara nyingi ni sura tu. Baridi yabisi ya kiungo inayojulikana, inayotibiwa na kuandikwa, nitakaa nayo mezani na daktari tuzungumze. Lakini kwato zenye pete zinazopanuka kuelekea kisigino, zile za farasi aliyewahi kuvimba ndani ya kwato, na kano iliyorudia kuumia, kwa kazi ya watoto sizigusi hata nikipewa na gunia la shayiri juu.

Jambo moja zaidi: mtafute anayempigia viatu huyo farasi. Saisi anaogopa kazi yake, dalali anataka kamisheni yake, yule wa viatu anazunguka mazizi mengi na anajua ni mguu upi farasi hapendi kuuinua na tangu lini. Mwulize hivyo tu, "mguu upi hapendi kuinua?", halafu nyamaza.

Leo usiku mpigie muuzaji. Mwambie Jumamosi huji mchana, utakuja saa kumi na mbili asubuhi na daktari na mashine, farasi asitolewe, asifanyishwe kazi Ijumaa, na arubuni itakuja baada ya ukaguzi. Sikiliza atakavyojibu. Akianza kukueleza habari za mnunuzi mwingine, rudi hapa uandike alichosema neno kwa neno, na uweke picha ya ile barua ukifuta majina. Tutaisoma pamoja kabla hujatuma hata shilingi.