Muulize Shangazi: Geneva, kwa mwenye nusu siku na kwa mwenye wiki

Barua za safari hii karibu zote zinauliza mji mmoja. Niliishi Geneva kwa miaka nikiwa mkalimani wa mikutano, kwa hiyo nina upendeleo wangu na siufichi: napenda yaliyo karibu na maji, napenda yasiyo na kiingilio, na maduka ya saa hayanisisimui hata kidogo.

Shikamoo Shangazi. Nakuja kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa, asubuhi hadi jioni. Nimebakiwa na alasiri moja tu. Wenzangu wanasema nipige picha kwenye kile kiti kilichovunjika, kisha nikalale. Hakuna zaidi?
*Mjumbe mchovu*

Marahaba, mwanangu. Picha piga, si dhambi. Kiti hicho cha mbao, kazi ya msanii Daniel Berset, kina urefu wa mita 12, na kilisimamishwa mwaka 1997 kuzisukuma serikali zisaini mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini. Mguu uliokatika ndio ujumbe wenyewe. Dakika tano zinakitosha.

Ukimaliza, panda Avenue de la Paix hadi Makumbusho ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Maonyesho yake makuu yana sehemu tatu, kila moja na msanifu wake. Ile ya kuunganisha familia zilizotawanywa na vita ilibuniwa na Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo, mwaka 2022. Humo zimewekwa kadi za wafungwa wa Vita vya Kwanza vya Dunia, milioni 6 hivi. Nyuma ya kadi yuko mtu aliyeuliza: mwanangu yuko wapi, mume wangu yu hai? Makarani wa Geneva walizipanga kwa majina bila kompyuta, na watu wakajibiwa. Kwangu hakuna makumbusho ya kuishinda mjini, na mtu wa mikutano anaihitaji kuliko mtalii. Lile neno la azimio mnalobishania tangu asubuhi, hapa utalikuta na majina ya watu.

Kisha teremka ziwani. Hoteli itakuwa imekupa kadi ya usafiri ya bure, nayo inakubalika kwenye basi, tramu na hata zile boti ndogo za njano ziitwazo *mouettes*. Panda moja Pâquis, ushuke Eaux-Vives ng'ambo. Wenyeji huzitumia kwenda kazini, wewe utakuwa umepata matembezi ya ziwani bila kutoa faranga.

Shangazi, huo mrusho wa maji wa Geneva, Jet d'Eau, unaotangazwa kila mahali una maana gani? Mume wangu anasema ni bomba lililopasuka.
*Mke wa mbishi*

Mumeo hajakosea sana. Mwaka 1886 mji ulikuwa na mtambo wa kusukuma maji yaliyoendesha mashine za karakana. Jioni mafundi walipofunga kazi, mashine zikasimama ghafla na msukumo ukazidi mabombani, ikabidi maji yatafutiwe pa kutokea. Yakaachiwa juu, watu wakayapenda. Mwaka 1891 mrusho ukahamishiwa pale ulipo leo, mbele ya ziwa, uwe pambo la mji. Mitambo ya sasa ni ya 1951: lita 500 kila sekunde, kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa, hadi mita 140 juu. Wakati wowote kuna tani 7 hivi za maji hewani.

Upepo ukiwa mkali huzimwa, kwa hiyo asubuhi ukiuona unafanya kazi, nenda saa hiyo hiyo. Kuna njia ya mawe inayokufikisha karibu kabisa. Mbishi atangulie, wewe ubaki upande usiopeperushiwa maji.

Habari Shangazi. Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 11. Tunakwenda kumtembelea dada yangu. Nimeambiwa kila kitu ghali na mvua haiishi. Nitawashughulisha vipi?
*Mama wa wawili*

Nzuri, mama. Chakula cha hotelini ni ghali kweli, hapo usitarajie huruma. Makumbusho mengi ya mji ni habari nyingine, maonyesho yake ya kudumu hayana kiingilio. Anza na Makumbusho ya Historia Asilia, barabara ya Malagnou. Wa miaka 6 umpeleke moja kwa moja kwa Janus, kobe mwenye vichwa viwili aliyeanguliwa humo humo mwaka 1997. Ana mioyo miwili, na kila kichwa kina matakwa yake ya kwenda. Vichwa hivyo haviwezi kuingia gambani, ndiyo maana porini asingedumu. Baada ya hapo utaulizwa maswali mpaka kitandani, jiandae.

Wa miaka 11 mpandishe tramu namba 18 hadi mwisho wa njia, CERN, kituo cha utafiti wa fizikia. Tangu Oktoba 2023 kuna jengo la maonyesho liitwalo Science Gateway, kazi ya Renzo Piano, na kuingia ni bure. Mtoto anabonyeza, anavuta, anauliza. Mwambie pia kwamba mtandao wa kurasa anaouchezea kila siku ulibuniwa pale na Tim Berners-Lee mwaka 1989. Atakuheshimu kwa kama nusu saa.

Jua likitoka, nendeni Bains des Pâquis, mahali pa kuogelea kwenye gati tangu 1932. Wakubwa wanasoma magazeti, watoto wanaruka majini, na jikoni pana sahani ya siku isiyoumiza mfuko kama za mahotelini. Jambo la kukariri: Jumatatu milango mingi ya makumbusho imefungwa, CERN nayo. Na Jumapili maduka yamefungwa. Ukiishiwa maziwa, kimbilia stesheni ya Cornavin.

Shangazi, nampeleka baba yangu, mchungaji mstaafu. Anataka kuona alipohubiri Calvin, yule kiongozi wa Matengenezo ya Kanisa. Magoti yake si mazuri.
*Binti wa mchungaji*

Mpe salamu zangu, mwambie shikamoo. Kanisa kuu la Saint-Pierre liko juu ya kilima cha mji mkongwe, basi mpande basi, msipande kwa miguu kutoka ziwani. Ndani ataona kiti kinachosemwa ni cha Calvin, cha mbao tupu. Ngazi za mnara wa kaskazini ni 157, hizo mwachie mjukuu. Jengo la jirani ni ukumbi alimohubiri pia John Knox, mwanamatengenezo wa Scotland, alipokimbilia Geneva. Makumbusho ya Kimataifa ya Matengenezo ya Kanisa nayo iko hapo hapo, ilifunguliwa upya mwaka 2023.

Ukuta wa Matengenezo uko chini, katika bustani ya Bastions: Farel, Calvin, Beza na Knox, kila mmoja mita 5 za jiwe, na nyuso zisizocheka. Baba atapenda. Mimi napenda zaidi wazee wanaocheza sataranji kwenye bao kubwa karibu na lango, huku watazamaji wakiwakosoa.

Kati ya kanisa na bustani kuna Promenade de la Treille, na benchi la mbao lenye urefu wa mita 120. Mketishe. Pale pana mti ambao afisa wa baraza la jimbo huutazama kila mwaka; jani la kwanza likichipua anaandika tarehe, na majira ya kuchipua yametangazwa rasmi. Kazi hiyo inafanyika tangu 1818.

Kitu kimoja tu, Shangazi. Ukilazimishwa.
*Msomaji asiye na muda*

Mchoro wa mchoraji Konrad Witz wa mwaka 1444, katika Musée d'Art et d'Histoire. Ni kisa cha wavuvi na samaki wengi: Yesu anatembea juu ya maji, Petro anazama akimfuata, wenzake wamo mashuani na wavu mzito. Witz hakuchora bahari ya Galilaya. Alichora ziwa hili hili, na nyuma yake akaweka milima ya Salève na Môle na theluji za Mont Blanc kama zilivyo. Ni miongoni mwa michoro ya mwanzo kabisa Ulaya ambayo kwayo mtu anaweza kusema: mahali hapa napajua. Sogea uitazame miguu ya Petro ndani ya maji, inavyoonekana imepinda. Jamaa alikuwa amekaa ufukweni akaangalia.

Waliovunja sanamu wakati wa Matengenezo ya Kanisa walikwangua nyuso, zikaja kurekebishwa baadaye. Ukitoka, teremka hadi ufukweni, utafute vilima vile vile. Mont Blanc hujitokeza siku ya anga safi tu.

Na makumbusho ya saa ya Patek Philippe?
*Fundi saa*

Kwako wewe, ndiyo, tena nenda alasiri. Kuna saa za karne ya 16 na midoli ya kimashine inayoimba. Jumapili na Jumatatu wamefunga. Asiye fundi atachoka ghorofa ya pili.

Shangazi, nina viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Wenyeji wangu wanataka kunipeleka mlima Salève, nao uko Ufaransa. Si nitafungiwa nje?
*Mwenye wasiwasi*

Hutafungiwa. Uswisi na Ufaransa zote zimo ndani ya Schengen, eneo la nchi zenye viza moja, kwa hiyo kuvuka mpaka huo hakuhesabiwi kuwa kutoka. Viza yako itabaki kama ilivyo mpaka utakapoondoka katika eneo lote. Lakini beba pasipoti yenyewe, picha kwenye simu haitoshi, maana askari wa forodha wanaweza kukusimamisha upande wowote. Hali ni hiyo hiyo ukienda kwa meli kijiji cha Yvoire, upande wa Ufaransa wa ziwa.

Basi la mjini linakufikisha Veyrier mpakani, unatembea kidogo, kisha unapandishwa kwa kibanda kinachoning'inia kwenye nyaya hadi mita 1,100 hivi. Huko juu utaona mji, ziwa na mrusho wa maji kwa mara moja. Bei ni kwa yuro, na ile kadi ya hoteli haina kazi hapo. Angalia kwanza kama nyaya zinafanya kazi siku hiyo, na chukua koti hata kama mjini kuna joto.