Kuhusu msimamizi anayetaka jina lake litangulie: yaliyonikuta mimi na chupa 40 za maji

Mleta uzi, pole dada. Naona wadau wengi wamekujibu kwa hasira, "mshitaki", "hama chuo", kama vile wao ndio watakaokulipia ada ya mwaka mwingine. Kwa anayeingia sasa, kisa ni hiki: dada kamaliza masta hapa Moshi, utafiti wake ni wa wagonjwa wa kisukari, tasnifu imepita, ila chuo kinataka makala moja iliyochapishwa kabla ya mahafali. Msimamizi anataka jina lake liwe la kwanza. Anataka pia mkuu wa idara aingie, na rafiki yake mmoja wa Dar ambaye dada hajawahi kumtia machoni. Halafu kuna jarida limemwandikia barua pepe, linaahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa dola 150. Na yeye mwenyewe anafikiria kupeleka makala kwenye majarida mawili kwa mpigo, litakalojibu mwanzo ndilo hilo hilo.

Naanza na majina, maana hapo ndipo nilipoungua.

Mwaka 2013 nilikuwa fundi sanifu wa maabara kwenye chuo kimoja huku kaskazini, jina lake naliacha. Mhadhiri mmoja akaja na chupa 40 za maji ya visima na mifereji ya Arumeru, upande wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki. Kwa wasio wa huku: maji ya chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, na ukimwona mtu mzima mwenye meno ya kahawia huna haja ya kumuuliza kakulia wapi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huko kuna vyanzo vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa, na watu wanakunywa kwa sababu ndiyo maji yaliyopo.

Chupa zilikuwa za plastiki, floraidi na kioo havipatani. Kila moja ina namba ya maka peni. Nilipima siku mbili: unachanganya maji na bafa, unachovya elektrodi, unasubiri namba itulie, unaandika. Mara tatu kila chupa. Namba 17 ilikuwa imevuja njiani, kimebaki kitone kisichofaa kupimwa, nikaandika kwenye daftari la maabara, "17: imevuja, haikupimwa." Kumbukeni hiyo 17.

Mhadhiri alipokuja kuchukua majibu akanipiga bega: "Bwana mdogo, nitakuweka."

Na kweli aliniweka. Makala ikatoka 2015, majina matano, mimi wa tatu. Wawili kati yao sikuwajua na mpaka leo siwajui. Nilinunua soda kwa maabara nzima. Desemba tulipopanda nyumbani kwa Krismasi nilimpelekea mama ukurasa wa kwanza nimeuchapa kwa rangi, akaubandika ukutani sebuleni kando ya kalenda ya usharika. Nikikwambia niliisoma makala yenyewe nitakuwa nakudanganya. Niliusoma ukurasa ule tu, tena pale penye jina langu.

Mwaka 2018 ikaja barua pepe ya mhariri, imetumwa kwa wote watano. Nilivyoona jina la jarida nilidhani ni pongezi. Mhariri anasema msomaji mmoja amegundua kwamba mistari 20 ya jedwali la pili inafanana, mpaka nukta za desimali, na mistari ya makala ya zamani iliyohusu eneo jingine kabisa. Anaomba data ghafi ndani ya siku 21. Ndipo nikafungua makala na kuisoma, miaka mitatu baada ya kuisherehekea. Visima 60! Mimi nilipima chupa 39. Na namba 17 ina jibu lake safi, miligramu kadhaa na desimali mbili, utadhani mtu alienda kuyazoa yale maji yaliyomwagika.

Mhadhiri alikuwa ameshahamia nje ya nchi. Alinijibu mstari mmoja: "Tulia, nitalishughulikia." Wengine kimya. Daftari nililikuta stoo, chini ya mtambo mbovu wa kuchuja maji, panya wameshaanza kula jalada. Nilienda steshenari karibu na stendi, nikaskani kurasa sita. Usiku huo sikulala vizuri. Yule mzee alinifaa kwa mengi, na huku kwetu kumtosa mkubwa wako kwa mzungu usiyemjua ni jambo la kujadiliwa kwenye kikao cha ukoo. Asubuhi nikatuma.

Baada ya miezi kadhaa makala ikabatilishwa. Haikufutwa, hapo watu wengi hukosea. Makala iliyobatilishwa inabaki pale pale mtandaoni, ila kila ukurasa unapigwa neno kubwa la kukataa, na pembeni inawekwa taarifa yenye sababu. Majina yote matano yamo. Kuna sentensi inasema mwandishi mmoja alitoa kumbukumbu za sehemu ya vipimo. Ndiyo stara yangu hiyo. Mwaka mmoja baadaye nikaenda kwenye usaili Arusha, nikamkuta mjumbe mmoja wa jopo ana hiyo taarifa ameichapa, iko mezani mbele yake, ameipigia mstari kwa kalamu ya kijani. Hakuniuliza kitu kuhusu elektrodi. Aliuliza: "Ulisoma kabla ya kusaini?"

Sasa turudi kwako. Kuna kipimo ambacho majarida mengi ya afya hukitumia, cha kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, iliyoanza na wahariri waliokutana Vancouver mwaka 1978. Mwandishi ni mtu aliyetimiza mambo manne, yote manne: amechangia kwa uzito kwenye wazo, ukusanyaji au uchambuzi wa data; ameandika au kuhariri kwa kina; ameidhinisha toleo la mwisho; na amekubali kuwajibika kwa kazi nzima likiibuka swali. Kwa kipimo hicho mimi mwenyewe sikuwa mwandishi. Nilipima tu. Mahali pangu palikuwa kwenye shukrani, na ningekaa pale ningelala usingizi wangu.

Mkuu wa idara kuwekwa kwa sababu ni mkuu wa idara, hapana. Rafiki wa Dar, hapana. Huwa wanawekeana zamu, "leo mimi nakuweka, kesho wewe uniweke", maana kupanda daraja kunahesabiwa kwa makala. Wanaita ushirikiano. Ni mchezo wa upatu, ila anayevunja kibubu ni wewe.

Msimamizi wako ni suala jingine, na hapa natofautiana na wanaosema atolewe kabisa. Kama alikuongoza kwenye swali la utafiti na akarekebisha rasimu, ni mwandishi halali. Anachobishia ni nafasi. Kazi inayotoka kwenye tasnifu yako, wewe ukiwa ndiye uliyekusanya, uliyechambua na uliyeandika, kwa desturi wa kwanza ni wewe. Kwenye fani za afya nafasi ya mwisho ni ya heshima, ndiko hukaa kiongozi wa kazi, na anaweza pia kuwa mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida. Mwambie hivyo. Usimwambie kwa WhatsApp, nenda ofisini, chukua rasimu iliyochapwa na jina lake liko mwisho.

Na uende na karatasi ya pili. Majarida mengi siku hizi yanataka mjaze nani kafanya nini; orodha inayotumika sana inaitwa CRediT, ina majukumu 14, kuanzia wazo, data, uchambuzi, mpaka kuandika rasimu. Jaza safu yako, jaza yake, ya mkuu wa idara na ya yule wa Dar ziache wazi. Halafu useme kwa adabu zako zote: "Prof, jarida linataka hii. Za hawa wawili sikujua niandike nini, naomba unisaidie." Kisha nyamaza. Kuna binti nilimshauri hivi hivi. Anasema Prof alishika kalamu, akaisogeza juu ya ile safu, akairudisha mezani, akasema, "Huyu wa Dar mtoe." Mkuu wa idara yeye alipopelekewa rasimu aliisoma kweli, akarudisha na maoni kurasa mbili, na jedwali moja likabadilika kwa sababu yake. Yule alibaki, na ilikuwa haki abaki. Kwa hiyo usiingie ukiwa umeshamhukumu kila mtu.

Akikataa kabisa, weka kumbukumbu: rasimu zenye tarehe, barua pepe, data ghafi kwenye kifaa kisicho cha ofisi yake. Kisha nenda kwa mratibu wa shahada za uzamili. Usiliandikie jarida kwanza, wahariri hawaamui ugomvi wa waandishi, watakurudisha chuoni. Huo ndio mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997 na wahariri wachache wa tiba, na majarida mengi yenye heshima zake yanaufuata.

Jarida la siku tano: achana nalo. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mpitiaji makini, yaani mtaalamu anayekagua makala kabla haijachapishwa, angeyaona, akaituma kwa majarida 304. Yaliyoikubali yalikuwa 157. Na jina la mwandishi alilobuni alilipachika kwenye taasisi ya kubuni huko Asmara, maana yake alijua kabisa soko la biashara hii liko wapi: kwa watu kama sisi, tunaodaiwa makala na chuo na hatuna wa kumuuliza. Siku tano hazitoshi hata mpitiaji kujibu kama ana nafasi. Angalia kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni yaliyokaguliwa, au kama ni la Afrika, lipo kwenye AJOL, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika. Waandikie wawili watatu kwenye bodi ya wahariri uwaulize kama wanajua wamo, utashangaa. Na ada isikutishe: wachapishaji wengi wakubwa husamehe au kupunguza ada kwa nchi zilizo kwenye Research4Life, mpango wa kuzipa nchi zenye kipato kidogo majarida kwa bure au kwa bei nafuu, na Tanzania imo. Ila uombe unapotuma makala, usisubiri ikubaliwe.

Majarida mawili kwa mpigo, usithubutu. Ni kupeleka posa nyumba mbili siku moja. Unapotuma unatia saini kwamba makala haipo kwingine, na wapitiaji wanafanya kazi ile bure, usiku, baada ya kulaza watoto. Wakigundua, unakosa kote kuwili. Ukiona wamekuchelewesha, andika barua ya kuiondoa, subiri wakuthibitishie, ndipo upeleke kwingine.

Kuna mdau ameshauri umpe roboti aandike, na mwingine akasema basi awekwe kama mwandishi. COPE walishasema 2023 kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi, kwa sababu haiwezi kuwajibika. Ukiitumia kunyoosha Kiingereza, sema umeitumia. Marejeo iliyokupa yahakiki moja moja, inabuni vitabu hiyo.

Hujataja kibali. Kwa kuwa umehoji wagonjwa, natumaini unacho cha kamati ya maadili ya chuo na cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Namba zake zinaingia kwenye makala, pamoja na maelezo ya jinsi wagonjwa walivyoridhia. Kama kuna mgonjwa anayeweza kutambulika, tuseme umeandika kijiji, umri na kwamba kakatwa mguu, huyo Kibosho nzima inamjua. Punguza.

Na msidhani mzigo wote ni wa mwandishi. Makala ya Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo na usonji, ya watoto 12, ilitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1998, na Lancet waliibatilisha 2010. Miaka 12, mtoto mmoja mwaka mmoja, na wazazi mpaka leo wanaogopa chanjo. Yule mhariri wetu wa maji ya Arumeru alinisumbua usingizi, lakini alituuliza kwanza, akatupa muda, akaandika sababu waziwazi, na alimaliza ndani ya mwaka. Sina kinyongo naye.

Ule ukurasa bado uko ukutani kwa mama. Kalenda za usharika zimebadilishwa pembeni yake mwaka hadi mwaka, wenyewe haujaguswa, na wageni wakija huonyeshwa. Sijamwambia.

Dada, rasimu ya hiyo karatasi ya majukumu nitumie PM, nitaipitia jioni nikitoka kazini. Ukishaonana na Prof rudi hapa utupe mrejesho.