Kibali cha kazi kwa kijana anayekwenda kufanya kazi ya likizo katika jimbo jingine la Marekani

Dada yangu, umeuliza kama kibali cha kazi cha wenye umri mdogo, ambacho shule ya binti yako wa miaka 15 hutoa, kitatosha, ilhali kambi ya watoto iliyomwahidi kazi ya likizo ya majira ya joto iko jimbo jingine kabisa. Kwa misimu kadhaa nilishughulikia makaratasi ya vijana katika ofisi ya kambi ya namna hiyo, na kwa niliyoyaona huko nakushauri uanze kuuliza kule kazi iliko, kwa sababu kijana hulindwa na sheria ya jimbo anamofanyia kazi, pamoja na ile ya shirikisho ya mwaka 1938, na palipo na tofauti kati ya hizo mbili, iliyo kali zaidi ndiyo hufuatwa.

Sheria ya shirikisho yenyewe haidai kibali. Majimbo ndiyo hudai, na kila moja lina utaratibu wake. Texas na Florida hazikitaki. New York inakidai kwa kila aliye chini ya miaka 18, na hutaka pia cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba kijana ana afya ya kufanya kazi. California hukidai hata shule zikiwa zimefungwa, wakati Arkansas ilikifuta mwaka 2023, na mwaka huohuo New Jersey iliuondoa utaratibu huo mikononi mwa shule na kuuhamishia mtandaoni. Ndiyo maana maelezo ya rafiki anayeishi jimbo tofauti, hata akiwa na nia njema, yanaweza kukupoteza. Mwombe mwajiri akuelekeze kwenye fomu ya jimbo lake na akuambie nani huitia sahihi kwa kijana asiye mkazi, maana kuna majimbo yanayomtuma katika ofisi ya elimu ya mji ule wa kazi badala ya shule yake mwenyewe.

Katika majimbo mengi fomu haikamiliki bila maelezo ya mwajiri, kwa hiyo ahadi ya kazi ije kwanza, tena kwa maandishi. Hapo naomba uwe makini sana na mstari unaotaja aina ya kazi. Tulikuwa tukipokea fomu zilizoandikwa "msaidizi" tu, nasi tukizirudisha, kwa sababu neno hilo halisemi kama kijana atakuwa jikoni, ofisini au majini. Kwa umri wa binti yako tofauti hiyo ni kubwa: kijana wa miaka 15 mwenye cheti cha uokoaji anaruhusiwa kulinda waogeleaji kwenye bwawa lililojengwa, lakini ziwani, mtoni au baharini haruhusiwi mpaka atimize miaka 16. Kambi nyingi ziko kando ya ziwa. Uliza waziwazi atasimama wapi. Jikoni nako, mashine ya umeme ya kukatia nyama haiguswi na yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kwa kuisafisha.

Kuhusu saa za kazi, shule zikiwa zimefungwa, sheria ya shirikisho inamruhusu kijana wa miaka 14 au 15 kufanya kazi saa 8 kwa siku na saa 40 kwa wiki, na kuanzia tarehe 1 Juni hadi Jumatatu ya kwanza ya Septemba anaweza kuwa kazini kati ya saa 1 asubuhi na saa 3 usiku. Jambo ambalo wazazi wengi hawalitazami ni kwamba kalenda inayohesabiwa ni ya shule za umma za mahali anapoishi wakati wa kazi. Binti yako anaweza kuwa ameshafunga shule, lakini ikiwa shule za mji ulio karibu na kambi bado zinasoma, kikomo chake kitakuwa saa 3 kwa siku ya shule na saa 18 kwa wiki, na hata hizo ziwe nje ya muda wa masomo. Mwombe mwajiri ratiba ya wiki ya kwanza kabla hujakata tiketi.

Kwa wale wetu ambao familia zao bado zina mambo ya uhamiaji, kibali hiki cha umri hakichukui nafasi ya idhini ya kufanya kazi nchini. Mwajiri atahitaji pia kuthibitisha utambulisho na haki ya kufanya kazi. Kwa aliye chini ya miaka 18 asiye na kitambulisho cha picha, kwa kawaida ripoti ya shule hukubaliwa upande wa utambulisho, na upande wa haki ya kazi apeleke kadi ya hifadhi ya jamii (Social Security) au cheti cha kuzaliwa cha Marekani kilichothibitishwa rasmi. Fotokopi hazipokelewi.

Daktari na maofisa wa shule ni wagumu kupatikana masomo yakishafungwa, hivyo maliza sahihi zao mapema. Akibadilisha mwajiri katikati ya likizo, uliza upya, kwani katika majimbo kama California kibali hutolewa kwa mwajiri mmoja aliyetajwa humo.